Mgongo wa Munganga

Mama mkwe mtarajiwa wa Muamba alikuwa amemwona mara moja tu, na alichokiona kilikuwa mgongo.

Ilikuwa mwezi wa sita, siku tatu baada ya Tshilombo, mjomba wake Muamba, kupeleka kinywaji cha kwanza kwa Papa Ngoie ili kumposea Muamba binti wa mzee huyo, Naomie, na kinywaji kikakubaliwa. Tangu saa ile Mama Mputu, mama yake Naomie, hakuwa tena mama wa kawaida anayepita njiani na kapu lake. Muamba alipomwona akitokea upande wa reli, aliacha njia, akaingia kwenye majani makavu, akageukia ukuta wa matofali, akasimama hivyo mpaka nyayo zikaisha.

Waluba wa Katanga, watu wa Naomie, wanaiita buko, ile heshima ya mkwe na mama mkwe, na Wakasai, watu wa Muamba, wanayo vilevile. Mkwe hamgusi mama mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Wako vijana wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Muamba hakuwa mmoja wao. Kwake, heshima ya maneno matupu kila mtu anayo mfukoni. Ile inayokuingiza kwenye majani yenye miiba, suruali ikachanika, hiyo ndiyo heshima.

Mama Mputu alipita bila kusimama. Ila jicho la mama mwenye binti wa kuozesha halipumziki. Aliona shati la bluu, aliona shingo ndefu, na aliona kwamba bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, kama la mtu aliyebeba betri nzito tangu utoto.

Na kweli, Muamba alikuwa amezibeba. Alikuwa fundi wa paneli za jua, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Hilo familia ya Naomie ililijua. Kile isichokijua kilikuwa Jumatano alasiri.

Jumatano alasiri Muamba alikuwa Munganga Bolingo, daktari wa kuigiza.

Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, saa tisa, televisheni ndogo ya mtaa ilionyesha vichekesho vilivyoitwa *Chumba cha Tano*: madaktari vijana wanne wako kwenye mafunzo katika hospitali iliyokosa kila kitu isipokuwa wagonjwa. Bolingo alikuwa yule anayeogopa vijidudu. Alivaa barakoa, ile ambayo mji mzima wa Kamina unaiita kashne, na hakuivua hata mara moja. Chai aliinywa kwa mrija uliopita chini ya kitambaa. Alipolala zamuni, kitambaa kilipanda na kushuka kwa mikoromo yake. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Walidhani kashne ni kichekesho tu. Hawakujua kwamba iliwekwa pale kwa ajili ya Papa Ngoie, ambaye Naomie alimwonya Muamba juu yake tangu mwanzo.

Papa Ngoie alikuwa ameshika bendera ya treni miaka thelathini. Siku ya kinywaji cha kwanza alimwambia Tshilombo maneno ambayo Tshilombo aliyarudisha nyumbani yote, bila kupunguza.

"Mukasai, hiyo haina neno. Mwaka ule balipofukuza Bakasai na kubapandisha mu mabehewa kama mizigo, minyi nilikuwa pa gare ya treni. Niliona. Mpaka leo nikikumbuka ninasikia haya. Lakini kuna kitu kimoja: mutoto wangu sitamupa muntu wa kuchekesha bantu. Bwana ya mutoto wangu, bantu bakimuona, banyamaze."

Alikuwa na sababu. Dada mkubwa wa Naomie aliolewa na mchekeshaji wa sherehe, kijana mzuri, mdomo mtamu. Alichekesha watu Kamina, akachekesha Bukama, akaenda kuchekesha Likasi, na huko Likasi wanaendelea kucheka mpaka leo bila yeye kurudi.

"Vumilia mpaka ndoa," Naomie alimwambia Muamba. "Kisha utavua kashne, na minyi nitasema sikujua."

"Kwa hiyo nitaoa kwa kujificha uso."

"Utaoa. Si njo unataka?"

Alitaka. Lakini jambo lile lilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Hakuwahi kuona haya kwa kazi ya mikono yake, na kuchekesha watu waliochoka nako ni kazi.

Aliyeendesha *Chumba cha Tano* alikuwa Tshala, binti wa askari, aliyezaliwa kwenye kambi ya kijeshi na kulelewa katikati ya watoto wa nchi nzima. Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Waigizaji hawakuambiwa mgonjwa wa wiki ni nani. Kila Jumatano jirani mmoja alichaguliwa, akalala kwenye kitanda cha chuma katika ukumbi ambao kanisa liliwaazima, akiwa na ugonjwa wake mwenyewe, ule wa kweli. Pazia la kitenge lilimficha. Kamera ilianza, Béthanie, aliyeigiza muuguzi, akavuta pazia, na wengine wakaanza kutafuta maneno.

"Sura ya muntu mwenye kushtuka, huwezi kuiandika," Tshala alisema kila mara.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: wakimaliza kuigiza, Yav, ambaye alikuwa daktari wa mafunzo kweli katika hospitali ya kweli, alikaa na mgonjwa na kumwambia la kufanya. Ya pili: mgonjwa ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema picha zifutwe, zilifutwa. Kwa sababu ya sheria hizo mbili watu waligombania kile kitanda. Alikwisha kulala pale msukuma baiskeli aliyeleta samaki wakavu kutoka Kinkondja na nyonga yake iliyolia kama mnyororo usio na mafuta. Alilala pale mke wa sajini na jino lake.

Jumatano ya pili ya mwezi wa nane, Tshala aliingia akisugua mikono.

"Leo mujipange. Mugonjwa wa leo eko na mudomo. Eko tayari kubafundisha kazi."

Kamera ikawaka. Béthanie akavuta pazia.

Mama Mputu alikuwa amelala pale katika blauzi yake ya kanisani, nywele zimesukwa upya, mikono juu ya tumbo, akitabasamu kama anayesubiri zawadi.

Muamba alimjua mara moja. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya Naomie, na kila asubuhi alichagua njia za kupita ili wasikutane. Miguu yake ilifikiri kabla ya kichwa. Aligeuka. Alijikuta anatazama ukuta, mahali Tshala alipobandika mchoro mkubwa wa meno ya binadamu.

Wenzake waliangua kicheko.

"Munganga," Béthanie akasema, "mugonjwa eko huku."

"Ninajua."

"Sasa mbona unapima ukuta?"

Muamba aliweka kiganja juu ya mchoro wa meno. Kamera ilikuwa inaendelea. "Ukuta unakohoa tangu jana. Kila mutu kwa zamu yake."

Kicheko tena. Nyuma yake kitanda kililia; Mama Mputu alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Eh! Munganga Bolingo! Minyi sikukuya kuangalia shati. Siku zote ninakuangaliaka mu télé, leo niko hapa mwenyewe, unanipa mugongo? Kuya upime kifua!"

Hapo ndipo Muamba alipoona hali yake ilivyo. Angeweza kukimbia, Tshala angepoteza siku, na kesho mtaa mzima ungeuliza kwa nini Bolingo alimkimbia Mama Mputu. Angeweza kugeuka na kufanya kile ambacho Bolingo hufanya, kuweka mkono na kutafuta moyo upande usio wake. Hakuna ambaye angejua. Ila ndoa ingefika, kashne ingevuliwa, na siku hiyo mama huyu angejua kwamba mkono wa mkwe wake ulikuwa kifuani pake mbele ya Kamina yote. Aibu hiyo ingekuwa yake yeye, si ya Muamba. Hilo hakuweza kumfanyia.

"Béthanie," akasema, bado anatazama meno, "weka kipimo pa kifua ya mama. Masikio uniletee huku."

Béthanie aliweka stetoskopu kifuani pa mgonjwa na kuvuta upande wa masikio. Muamba akarudi kinyumenyume, hatua moja, ya pili, mikono imenyooshwa nyuma kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mpira ulifika mwisho. Ulibaki umbali wa mkono mzima.

"Haifike, Munganga."

"Basi sikiliza weye. Unipigie pa bega."

"Nikupige?"

"Namna moyo inapiga. Pale pale."

Béthanie aliweka masikio ya kipimo kwenye masikio yake, akainamisha kichwa, na kwa kidole kimoja akaanza kugonga bega la kushoto la Muamba. Tu-tu. Tu-tu. Tu-tu. Kidole kilikwenda haraka kuliko Muamba alivyotarajia. Wenzake walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Tshala alisogeza kamera karibu na kile kidole.

Mama Mputu naye alikuwa anacheka. Macho yake yalifuata kidole, yakafika begani. Bega lilikuwa limeshuka. Akapanda kwa macho mpaka shingo ndefu. Akashuka tena mpaka begani.

Kicheko chake kikakatika.

Mama wa Kiluba hahitaji kuelezwa ni mwanamume gani anayekataa kumgeukia hata akiitwa mara tatu. Polepole alivuta kitenge chake kutoka miguuni, akajifunika mpaka shingoni, akageukia upande wake wa ukuta. Sasa ilikuwa migongo miwili, na Béthanie katikati na mipira masikioni, hajui amtazame nani.

Waliokaa chini kwa kucheka waliinuka. Hakuna aliyeelewa, lakini kila mmoja alihisi kwamba kitu kimebadilika.

"Béthanie," Mama Mputu akasema, sauti ya chini, bila ule mdomo wa kwanza. "Ambia ule munganga: kifua inakuwa nzito. Ni juma ya tatu sasa. Asubui kichwa kinaniuma huku nyuma."

Béthanie akageuka. "Munganga, anasema—"

"Nimesikia. Muulize nani anajua."

"Mama, anauliza nani anajua."

"Hakuna. Hata papa ya batoto hajui. Ambia munganga, nilikuya huku juu ya kuseka, juu ya kicheko. Nilisema kama ni kitu kibaya, heri nikisikie mukati ya kuseka."

Muamba alifunga macho. Miezi minane alikuwa amekaa pembeni akimsikiliza Yav akiongea na wagonjwa baada ya kamera kuzimwa, na maswali ya Yav yalikuwa yamemwingia bila yeye kutaka.

"Muulize akilala anatumia mito ngapi."

"Miwili," Mama Mputu akajibu kabla Béthanie hajafungua mdomo, kisha akakumbuka, akarudia kwa utaratibu: "Béthanie, ambia munganga, mbele ilikuwa moja. Sasa ni miwili. Moja tu, pumzi haitoshi."

"Béthanie, muambie mama aende hospitali leo. Si kesho. Yav aende naye." Sauti haikuwa tena ya Bolingo, ile ya puani. Ilikuwa ya Muamba mwenyewe. "Muambie ninamuomba."

Tshala hakusema kata. Alisahau. Kamera iliendelea kuchukua picha mpaka Yav alipoingia mbele yake na kile chombo cha kupimia presha.

Nje, kando ya ukumbi, Muamba alivua kashne na kuvuta hewa ya vumbi na moshi wa makaa.

"Futa," akamwambia Tshala.

"Weye uko mugonjwa wa kichwa? Tangu tuanze hatujapata kitu kama kile."

"Futa, ninakuambia. Ule njo mama ya Naomie."

Tshala alitazama mlango wa ukumbi, akamtazama Muamba, na sura yake ilikuwa ile anayosema haiwezi kuandikwa.

"Minyi sikujua," akasema. "Aliandikisha jina ya kanisa, Mama Mputu. Bamama Mputu beko wengi." Kisha akakaza sauti. "Lakini sheria ni sheria. Si weye unasemaka. Ni mugonjwa njo anasemaka."

Aliingia. Muamba alihesabu matofali ya ukuta, akapotea, akaanza upya. Aliporudi, Tshala alitembea taratibu.

"Anasema tuionyeshe. Yote. Hata pale aligeuka."

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema. Presha iko juu sana, Yav anamupeleka sasa hivi. Na alisema niambie fundi mumoja wa paneli ya jua, kama ninamujua, lile bega lake la kushoto alipake mafuta ya moto. Anasema betri zitamupindisha kabla ya kuoa."

Kuanzia hapo mpaka siku ya Mungu kulikuwa na siku tatu, na Muamba hakuzisahau. Naomie alimletea habari kidogokidogo. Mama amepewa vidonge. Mama amekatazwa chumvi, analalamika. Mama hasemi kitu. Papa anamtazama mama, mama anatazama sufuria.

"Umwambie papa kabla," Muamba alisema. "Asikie kwetu, si kwenye télé."

"Nilitaka. Mama alinikatalia. Alisema: muache papa yako aone kwa macho yake."

Siku ya Mungu, saa tisa, Muamba alikaa kibandani na mlango nusu. Televisheni tatu zilisikika kutoka nyumba za jirani, moja ikitangulia, mbili zikifuata. Alisikia muziki wa mwanzo. Alisikia sauti yake ikisema ukuta unakohoa, na kicheko kikapita mtaa mzima kama upepo kwenye mahindi. Kisha alisikia kidole cha Béthanie. Tu-tu. Tu-tu. Kicheko kikapungua kwenye nyumba ya kwanza, kikafa kwenye ya pili. Kwa muda mrefu mtaa ulikuwa kimya, mpaka jogoo alipowika bila sababu.

Jumatatu asubuhi Papa Ngoie alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la reli, ingawa hajafanya kazi ya reli miaka sita, na chini ya kwapa alikuwa na redio.

"Haishiki," akasema.

Muamba alimpa kiti. Papa Ngoie alikataa kiti, akakaa juu ya betri kuukuu ya lori. Muamba alifungua redio, akaangalia nyaya, akaangalia mawe yake, betri zile ndogo, akaiwasha. Ikaimba.

"Inashika, papa. Haina kitu."

"Najua."

Redio iliendelea kuimba. Papa Ngoie alinyoosha mkono na kuizima.

"Minyi ninaangaliaka ile *Chumba cha Tano* tangu ilianza. Ninaseka mpaka mama ananikataza, anasema nitakufwa. Miezi minane ninaseka, sijui ninaseka nani."

"Papa, nilificha. Si Naomie. Ni minyi nilitafuta ile kashne."

"Ulificha. Ile ni mbaya, sitasema haina neno. Muntu mwenye kuficha uso, kesho ataficha nini?" Alimtazama kwa muda. Muamba hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameinamisha vya kutosha mwaka ule. "Kama ungekuya kuniambia mwanzo, ningekataa. Hiyo nayo ni kweli. Lakini ungekuya."

"Ndiyo, papa."

"Jumamosi, mujomba wako akuye. Aseme samahani mbele ya familia. Na weye nyuma yake."

Moyo wa Muamba ulikuwa unapiga kama ule uliogongwa begani mwake.

"Jumamosi ni ya kusema samahani tu?"

Papa Ngoie alisimama, akaikunjua miguu yake ya kizee mmoja baada ya mwingine, akachukua redio yake.

"Nilimwambia Tshilombo: bwana ya mutoto wangu, bantu bakimuona, banyamaze. Jana tulikuwa bantu kumi na mbili mu nyumba. Uligeukia ule ukuta, mama alijifunika, na nyumba yote ikanyamaza. Hata shangazi yake Naomie. Na ule hanyamazake hata mu kanisa." Alifika mlangoni. "Ile kazi uendelee nayo. Vaa kashne ao uvue, ni shauri yako. Lakini kwangu ukuye na uso."

Aliondoka na hatua zake za mtu aliyezoea kutembea kwenye mataruma ya reli. Alipofika kona, mabega yake yalianza kutikisika, na Muamba alijua kwamba mzee amekumbuka mchoro wa meno.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda, Muamba alikuwa anafunga paneli kwenye paa fupi la duka la mkate. Alikuwa amesimama chini, ngazi mkononi, alipoona blauzi ya kanisani ikija kutoka upande wa reli, taratibu kuliko mwezi wa sita, ikisimama kupumua na kuendelea. Njia ilikuwa nyembamba na hapakuwa na majani ya kuingia. Aliweka ngazi chini, akageukia paneli iliyoegemezwa ukutani.

Nyayo zilikaribia. Zilifika nyuma yake, zikasimama.

Kando ya njia palikuwa na gunia la makaa la muuzaji mmoja aliyekwenda kutafuta chenji. Mama Mputu aligeuka, akaliambia lile gunia kwa sauti ya mtu anayesalimia jirani:

"Chumvi nimeacha. Chakula haina utamu hata kidogo. Lakini nalala na muto moja."

Muamba aliitazama paneli. Ndani ya kioo chake cheusi alijiona uso mzima, bila kitambaa.

"Ni vizuri," akaiambia paneli. "Na vidonge, mama asisahau."

"Gunia hii nayo inajua kuamuru," Mama Mputu akasema, na nyayo zake zikaendelea kuelekea sokoni.